Hotipoti Iliyorudi Tupu

Simu ya msiba ilinikuta kwenye korido ya hospitali moja ya hapa Bukoba. Nilikuwa natoka wodi ya wanawake kumwona mama yangu mzazi, aliyelazwa kwa homa ya mapafu, na mkononi nilibeba hotipoti ya chakula tulichompelekea jana yake. Nilikuwa nimeifungua pale pale mlangoni, nikakuta imekombwa hadi chini, ndizi hakuna, maharage hakuna, hata mchuzi umepanguswa, nikafurahi kama mtu aliyeuza lori zima la saruji kabla ya chai ya asubuhi. Mama anakula, nikasema moyoni, basi mama anapona. Ndipo simu ikalia. Aliyepiga ni binti wa mzee mmoja wa Nshamba, rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye naye alikuwa amelazwa katika hospitali nyingine ya mji huu huu kwa kuvunjika paja. "Kaka," akasema, "baba, tata wetu, ametuacha alfajiri." Nikampa pole, nikamwambia ni mipango ya Mungu, yale yote tunayosema. Akanikatiza. "Kaka, sikiliza kwanza. Daktari anasema mfupa ulikuwa unaunga vizuri. Anasema kifua ndicho kilichommaliza, lakini kilimkuta mwili umeshaisha. Anasema tata alikuwa hali chakula. Hali! Na mimi ndiye niliyekuwa nampikia. Hotipoti zilikuwa zinarudi tupu kila siku, kaka, tupu kabisa. Sasa nani alikuwa anakula?"

Nikaitazama ile hotipoti mkononi mwangu. Nayo ilikuwa tupu. Wasomaji wangu, mnanijua kwamba sijui kujishusha, na sioni sababu ya kuanza leo. Shule niliishia darasa la tano. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi begani kuitoa vibanjani, kwenye mashamba ya migomba, hadi kwenye malori, na leo ukipanda mlimani ukautazama mji huu, mabati mengi yanayokumeremetea machoni yametoka dukani kwangu pale Miembeni. Nimewahi kupinduka na lori kwenye kona za barabara ya Muleba, nikatokea dirishani nikiuliza kiatu changu kingine kiko wapi. Nimekabiliana na majambazi, na maofisa wa kodi, na wakwe, sikutetemeka. Lakini pale koridoni, nikiwa nimeshika chombo ambacho hakina uzito hata wa kumuumiza kuku, niligeuka mbio. Nilirudi wodini nikasimama mbele ya kitanda. "Mama, jana ulikula?" Akatabasamu. "Nilikula, mwanangu, nikashiba." Maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo ya adabu, nilikuwa nikiyasikia kwa mzee wa Nshamba kila nilipokwenda kumtazama. Nikaogopa. Hata sasa ninapoandika naogopa. Nitamrudia mama, lakini hamtaielewa hofu yangu mpaka niwaeleze huyu mzee alikuwa mtu wa namna gani.

Tulijuana enzi zangu za kubeba ndizi. Lori letu lilikwama kwenye matope karibu na kibanja chake, mvua inanyesha kama imetumwa, na sisi wabebaji tuko juu ya mzigo tumelowa hadi mifupani. Hatukumjua, hakutujua. Alitoka na mwavuli wa jani la mgomba, akasimama barabarani akatutukana: "Nyie wana wa watu, mnataka kufia mbele ya nyumba yangu ili niambiwe mimi ndiye nimewaua? Shukeni!" Tukashuka. Kwanza ikaja kahawa, sizungumzii ya kunywa, nazungumzia amwani, zile buni za kutafuna zilizochemshwa na majani yake, amezitoa kwenye kikapu kidogo kilichosukwa vizuri, kila mmoja akatiwa kiganjani. Kisha zikaja ebitoke, ndizi za kupika, zimechanganywa na maharage, zimetandazwa juu ya jani, zinatoa moshi. Tulikula kama moto unaokula nyasi kavu. Na yeye? Alikaa kwenye kigoda chake akituhesabu matonge kwa macho, kila mmoja anapopunguza kasi anamwambia, "Wewe mrefu, mbona umechoka? Au mama yako anapika vizuri kuliko mke wangu?" Hakutia kitu mdomoni hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini hali, aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini hatembei uchi. "Mwenye nyumba anakula," akasema, "wageni wakishaonekana mgongo."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na si yake peke yake, ni ya wazee wengi wa huku kwetu. Mgeni haondoki mikono mitupu na tumbo tupu. Ukimkuta mtu anakula, hajui hata jina lako, atasogea akupe nafasi, na wewe ukikataa umemtukana. Baada ya siku ile, kila lori nililokuwa nalo likipita Nshamba nilishuka. Nilipoanza kupata vijisenti vyangu nilimpelekea sukari na mafuta ya kula. Alivipokea, na jioni hiyo hiyo akavipika kwa ajili ya watu ambao sikuwajua. Nilipofungua duka langu la kwanza alikuja kulitazama, akagusa mabati, akagusa misumari, akasema, "Sawa, una mali. Lakini mtu akiingia hapa anapewa nini?" Nikamwambia anapewa bei nzuri. Akacheka mpaka akakohoa. "Yee, waitu, huyu mtoto atakufa tajiri na hakuna atakayemzika." Tangu hapo dukani kwangu pana chupa ya chai, na sijawahi kuiacha, ingawa washindani wangu wanasema nawarubuni wateja. Waseme. Chai yangu ina tangawizi, yao iko wapi?

Basi mtu huyo akaanguka. Alikuwa anaegemeza mti kwenye mgomba uliolemewa na mkungu, mguu ukateleza, paja likavunjika. Watoto wake walioko Mwanza na Dar wakachanga kwenye grupu la ukoo, akaletwa hospitali Bukoba, na binti yake anayeishi hapa mjini akapewa kazi ya kupika. Nilikwenda kumtazama mapema. Nilimkuta ameegemezwa mto, amevaa saa yake ya mkononi na shati safi, na mkononi mwake, niamini, ana kile kikapu cha amwani. Alikuwa amewaambia wanawe, kabla hata hajauliza daktari ni nani, wamletee kikapu. "Karibu," akaniambia, kana kwamba ninapita kwenye migomba yake. "Kaa. Tafuna." Wodi nzima ilikuwa inatafuna kahawa. Hata mgonjwa wa kitanda cha pembeni, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa bandeji, alikuwa ameshika buni yake kiganjani kwa heshima, hajui aifanyie nini.

Sasa fikirini jinsi hospitali zetu zilivyo. Saa ya kuona wagonjwa ndiyo saa ya chakula, kwa sababu chakula kinatoka nyumbani na kinaletwa na wale wanaokuja kuona. Kwa hiyo kila hotipoti ilipofunguliwa, kitanda cha mzee kilikuwa kimezungukwa. Na wageni wake walikuwa wengi kuliko wa mbunge, maana mtu aliyelisha kata nzima maisha yake yote akilazwa, kata nzima inapanda gari. Walifika kutoka Nshamba na kwingine Muleba, mpaka mwanamume mmoja kutoka Ngenge ambaye walikutana mara moja mnadani. Walikuwa wametoka mapema, wamesafiri, wana njaa. Na yeye alikuwa mwenye nyumba. "Binti yangu," anasema, "wageni." Binti anapakua. Sahani zinazunguka, wengine wanakulia vifuniko. Nilikuwepo mara kadhaa. Mimi sikula, na si kwa wema, ni kwa maringo tu, mimi hula kwangu. Yeye anachukua kitonge kimoja, anakizungusha vidoleni, anakizungumzia. Anasifu maharage. Anauliza habari za mvua. Watu wakimtazama anapeleka mkono mdomoni, wakigeuka kitonge kimerudi kwenye sahani ya mtu. "Mzee, kula basi." "Nimekula, nimeshiba. Nyie ndio mmetoka mbali." Muuguzi mmoja alikuwa anahangaika na wodi nzima, akipita anaona sahani, anaona midomo inatafuna, anaona mzee anacheka, anaendelea na safari yake. Ungekuwa wewe ungeona nini kingine?

Na alipotakiwa kufanyiwa operesheni aliambiwa asile tangu usiku. Ikaahirishwa, kuna mgonjwa wa ajali ameletwa. Akaambiwa tena asile. Ikaahirishwa tena. Siku hizo chakula kilikuja kama kawaida, na wageni walikula kama kawaida, na rafiki yake mmoja wa Nshamba, mzee mwenzake mwenye mdomo usiopumzika, akasema huku akilamba vidole: "Wasiwasi wa nini? Si mnaona dripu? Lile ni chakula, linapita moja kwa moja, halina hata kazi ya kutafuna. Nami ningetundikiwa moja nipumzishe meno." Tukacheka. Mimi pia nilicheka. Kule kwetu watu wengi tunaamini hivyo, kwamba ile chupa inayoning'inia ni ugali uliofanywa maji. Baadaye nilimuuliza daktari, akaniambia mara nyingi ni maji na chumvi, na sukari kidogo. Maji, wasomaji wangu. Mzee alikuwa anaishi kwa maji ya chumvi na buni za kahawa alizokuwa akimumunya, na buni za kahawa kazi yake nyingine ni kudanganya njaa.

Operesheni ilifanyika, ikaenda vizuri. Eksirei ilipigwa, tukaonyeshwa picha, tukaitazama kwa furaha kama picha ya harusi, kile chuma kinang'aa pale pajani. Lakini kidonda hakikutaka kufunga. Mgongo ukaanza kuchubuka. Siku moja niliingia, akainua mkono kunisalimu, na ile saa yake ikateleza kutoka kwenye kifundo cha mkono, ikashuka mpaka kwenye kiwiko, tik, ikasimama pale. Yule rafiki yake hakuikosa: "Tazameni, saa ya mzee inatafuta njia ya kurudi Nshamba!" Kicheko kikalipuka. Mzee mwenyewe alicheka, mkono umefunika mdomo, akairudisha saa mahali pake kwa adabu. Ikateleza tena. Nawaambia, katika vitu vyote nilivyoona, na maiti barabarani nimeona, hakuna kinachonijia usingizini kama ile saa. Halafu miguu ikaanza kujaa. Tukashangilia! Tulisema, "Ahaa, mzee ameanza kunenepa." Binti yake alinipigia kuniambia habari njema kwamba tata ananenepa miguu. Kumbe ule ulikuwa uvimbe wa mwili uliokosa chakula. Tulikuwa tunampongeza mtu kwa dalili ya kufa kwake.

Nilikwenda Nshamba kumzika. Watu walijaa kibanjani mpaka migomba ilikosa pa kusimama, na kama ilivyo desturi, wote walilishwa. Yule rafiki yake mwenye maneno alikaa pembeni na sahani yake juu ya magoti, halafu nikamwona anaisukuma chini, polepole, bila kuigusa. Hakuwa na mzaha hata mmoja. Kisha binti akanishika mkono akanipeleka chumbani kwa marehemu, akanionyesha dirishani. Palikuwa na glasi ya maji, maji yenyewe yamekuwa ya kijani, na ndani yake meno ya bandia. Siku alipoanguka alibebwa haraka, meno yakabaki. Muda wote ule hospitalini hakuwa na meno, na hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana alikuwa anafunika mdomo akicheka. Sisi tulidhani ni heshima. "Angesema tu," binti akalia. "Neno moja tu, kaka. Ningemsagia, ningempondea, ningemtafunia mwenyewe kama mtoto." Nilitamani kumwambia kwamba mtu aliyekuwa anawalisha wabebaji wa ndizi kwenye mvua hawezi kuwaambia wageni wake wasimame pembeni kwa sababu yeye hana meno. Nilisimama pale nikitazama glasi na kumfikiria mama.

Maana hapo ndipo hofu iliponikaba vizuri. Sisi watu wa leo tumekuwa watu wa kutuma. Mimi ni wa kwanza. Mama alipolazwa niliwaambia nyumbani wapike chakula cha nguvu, nikampa bodaboda hotipoti, nikatuma pesa ya vipimo, nikatuma pesa ya dawa, nikatuma mtu aende kuuliza daktari anasemaje. Tukikutana ndugu tunaulizana: ameandikiwa dawa gani? Amepigwa picha? Dripu imeisha? Habari ya kinachoingia mdomoni tunaiachia hotipoti ituletee. Zamani mgonjwa alilala nyumbani, anakula kwenye jani moja na wajukuu, na kila jicho linaona kama mkono wake umepungua. Leo amelala kati ya watu asiowajua, kwenye kitanda kirefu kuliko yeye, na kila anayefika anataka kuambiwa kwamba kuna nafuu ili arudi kazini na moyo mwepesi. Mtoto akiwa na njaa atalia mpaka jirani asikie. Mzee akiwa na njaa anakuambia asante, na pole kwa safari. Nilijitazama mkono wangu mwenyewe, mnene, saa imekaza mpaka inaacha alama, nikawaza kwamba ipo siku. Nitalala mahali fulani nikisema nimeshiba, na wanangu wataniamini, kwa sababu wamelelewa na mtu ambaye kila siku anasema hana shida.

Kesho yake baada ya mazishi nilibeba hotipoti mwenyewe. Wateja walishangaa kuniona navuka barabara na chombo chenye michoro ya maua, mwingine akaniuliza kama biashara imekufa nimeanza kuuza vitumbua. Nilifika, nikavuta stuli, nikakaa. Mama akanitazama. "Umeweka chakula. Asante. Nenda dukani, watu wanakusubiri." "Wasubiri." "Una nini leo?" "Sina kitu. Nimekuja kukaa." Hakupenda. Akafungua hotipoti, akasali sala ndefu kuliko ya askofu, akitumaini nitachoka. Kisha akachukua sahani na kumpakulia mama wa kitanda cha pili, mwanamke wa kutoka visiwani, mwanika dagaa, ambaye watu wake wote wako ng'ambo ya maji na hakuna hata mmoja anayemletea uji. Akampa sehemu ya mkubwa. Akamwita dada wa usafi, akampa. Kwenye kitanda cha mbele kulikuwa na mgeni amekuja na maneno matupu, naye akapewa. Halafu akafunika hotipoti iliyobaki na tonge mbili, akafuta mikono yake safi kwa kitambaa. Ndipo nikaona pete yake ya ndoa. Alikuwa ameizungushia uzi, mzunguko juu ya mzunguko, ili isidondoke kidoleni.

Wasomaji wangu, ile saa ya mzee nikaiona tena inashuka. Nilijikaza nisipige kelele. "Mama," nikasema, "na wewe?" "Nitakula wageni wakiondoka." "Wageni gani? Saa ya kuona wagonjwa ikiisha na chakula kimepoa." "Wewe hapo umekaa kama nani?" akaniuliza. Mimi! Mimi niliyetoka tumboni mwake ndiye mgeni ninayemzuia kula. Kumbe nikituma bodaboda anawagawia majirani, nikija mwenyewe anasubiri niondoke. Nilijaribu kumbembeleza, akakataa kwa upole. Nilijaribu kumtisha kwa habari ya mzee wa Nshamba, akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa na adabu." Hapo nikakumbuka mimi ni nani. Kila mtu hapa mjini ananisema najisifu. Basi siku ile majisifu yangu yakapata kazi. Nikasimama, nikainua sauti wodi nzima isikie: "Mama, kitanda hiki kimelipiwa na nani?" "Na wewe." "Dawa?" "Wewe." "Hizi ndizi zimetoka kwa nani?" "Kwako, mwanangu, tunajua, kila mtu anajua." "Basi hapa ni kwangu. Mimi ndiye mwenye nyumba. Wewe ni mgeni wangu, na mgeni wa kwetu hafuniki chakula cha mwenyeji. Au unataka niambiwe kwamba mtu ameingia kwangu akatoka na njaa?"

Yule mama wa visiwani akawa wa kwanza kucheka, mdomo umejaa ndizi. "Eeh, bibi, hapo umenaswa! Kula bwana, tajiri huyu atatutoa nje sote na vitanda vyake." Mama akanikazia macho, yale macho yaliyokuwa yakinitoa juu ya miti ya watu nikiwa mtoto. "Tangu lini umekuwa mwenyeji wangu?" "Tangu leo. Tafuna." Akafungua hotipoti. Akachukua kitonge. Nilimtazama mdomoni bila haya, kama mnunuzi anayekagua ng'ombe, na akanisuta, "Utanihesabu na meno?" Nikamwambia ndiyo. Yalikuwepo, lakini ndizi zilikuwa ngumu kwake. Alizitafuna kwa muda mrefu, akameza, akakohoa, akabadilika rangi, nami nikamshika mabega. Akapumua. Akachukua kingine. Alikula zile tonge mbili, na kidogo kilichorudi kutoka sahani ya jirani, maana mama wa visiwani alikirudisha mwenyewe kwa nguvu. Nilimwita muuguzi, nikamwambia ninayoyajua, nikamwomba wampime uzito. Akaitikia haraka, wala hakunionyesha kuudhika. Aliniambia tu kwamba habari kama hiyo huwa hawaletewi na mtu.

Tangu siku ile ninabeba hotipoti mbili, ya mama na ya jirani yake, kwa sababu mama hawezi kumeza mwenzake akitazama, na hilo silitaki libadilike. Ndizi zinapondwa na karanga, samaki anatolewa miiba, uji wa ulezi unatiwa maziwa. Wageni wakija nawakaribisha nje, kwenye benchi, na chai yangu ya tangawizi, waingie mama akishakula. Wengine wamenuna. Wanasema nimekuwa tajiri mpaka nauza nafasi ya kumwona mgonjwa. Waseme, nimezoea. Sijui kama mama atatoka. Daktari ananiambia mapafu yanasikika vizuri kidogo, lakini mwili umekwenda chini na kuurudisha ni kazi ya polepole, na mimi ambaye nimenunua kila kitu nilichowahi kukihitaji, hapa sina cha kununua, ninakaa kwenye stuli na kusubiri koo lipande na lishuke. Kila likishuka namshukuru Mungu. Likikawia, namsogezea maji.

Na wewe uliye na mzee wako wodini leo, usimuulize kama ameshiba. Atakuambia ndiyo, amefundishwa hivyo kabla hujazaliwa. Usiitazame hotipoti, haina mdomo wa kukuambia iliishia kwa nani. Kaa. Uliza meno yake yako wapi. Tazama pete, tazama saa, tazama koo. Jana hotipoti ya mama yangu ilirudi nyumbani na nusu ya chakula bado ndani. Mke wangu aliifungua akasikitika. Mimi niliibeba barabarani nikiwa na furaha ambayo zile tupu hazitanipa tena, kwa sababu ile nusu iliyokosekana, niliiona kwa macho yangu inakwenda wapi.